Vifaa janja kwenye nyumba zaidi ya moja: namna ya kupiga hesabu kabla mtandao haujakulemea

Mwenye nyumba moja na balbu janja kumi hahitaji mwongozo. Anafungua boksi, anaunganisha, maisha yanaendelea. Kazi huanza nyumba ya pili, na ya tatu ndiyo inayokuumbua: kitasa kimegoma, mpangaji yuko mlangoni na mabegi yake, nawe uko mji mwingine unakodolea macho programu inayokuambia "kifaa hakipatikani".

Nimekuwa nikifunga na kutunza vifaa hivi kwenye nyumba kadhaa, zangu na za watu wengine. Mara nyingi nilipoitwa kurekebisha, kifaa chenyewe kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni hesabu. Mtu alinunua kwanza, akafunga, ndipo akajiuliza kama nyumba inabeba.

Tatizo la neno "uwezo" ni kwamba watu hulichukulia kama namba moja: ruta hii inabeba vifaa mia, basi ninunue tisini. Ukweli ni kwamba nyumba ina dari kadhaa kwa wakati mmoja. Kuna dari ya anwani za mtandao, ya mawimbi hewani, ya kitovu (kisanduku kinachoviongoza vifaa visivyotumia Wi-Fi), ya kasi ya kupandisha data, ya umeme, na ya betri. Kichwa chako kitagonga dari iliyo chini kuliko zote, hata kama nyingine ziko juu mawinguni. Kila nyumba ina dari yake ya chini, na mara nyingi nyumba mbili zinazofanana kwa ramani hutofautiana hapo.

Hatua ya kwanza: pita vyumbani kwa miguu

Usianze dukani wala kwenye programu. Chukua simu, fungua lahajedwali, ingia chumba kimoja baada ya kingine. Kila kifaa, kilichopo au unachokusudia kuweka, kipate mstari wake: nyumba, chumba, aina, lugha kinayozungumza (Wi-Fi, Zigbee, Z-Wave, Thread au waya), kinakula nini (umeme wa ukutani au betri, na betri ya aina gani), na kimesajiliwa kwenye akaunti ipi. Safu ya betri watu huiruka, na ndiyo itakayokutoa jasho baadaye.

Hesabu pia visivyoitwa vifaa janja lakini vinakula mtandao uleule: televisheni, printa, simu za wakazi, kompyuta, koni ya michezo.

Tuchukue nyumba moja ya vyumba vitatu tuifuate hadi mwisho. Ina balbu 14, swichi za ukutani 6, plagi 5, vihisi vya milango na madirisha 7, vya mwendo 4, vya moshi 3, vya uvujaji wa maji 3, vitasa 2, kamera 4, kengele ya mlango yenye kamera 1, televisheni 2, spika 3 na vidhibiti vya viyoyozi 3. Jumla ni 57. Ongeza simu na kompyuta kumi za wakazi, unafika 67. Kati ya vile 57, vifaa 19 vinaishi kwa betri: vihisi vyote pamoja na vitasa. Vilivyobaki 38 viko kwenye umeme wa ukutani.

Kisha ongeza nafasi ya kukua. Mimi huweka asilimia 30, kwa sababu sijawahi kuona nyumba janja ikipungua vifaa. Kwa hiyo kila dari iweze kubeba kama vile vifaa ni 74, ingawa hesabu zinazofuata ni za 57 vya leo.

Hatua ya pili: gawa anwani, na usirudie mtaa

Ruta za nyumbani kwa kawaida hutoka kiwandani na mtandao wenye anwani 254 za kutumia, lakini nyingi hazigawi zote. Fungua ukurasa wa DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani, utakuta zimepangiwa, kwa mfano, kuanzia 100 hadi 199, yaani mia moja tu. Kwa nyumba yetu ya vifaa 67 hiyo inatosha. Ila kama ni nyumba ya wageni wa siku mbili tatu, kila kundi linalokuja huacha anwani zake zikiwa bado zimeshikiliwa hadi muda wake uishe. Muda huo mara nyingi ni saa 24 au zaidi. Punguza uwe saa mbili kwenye mtandao wa wageni, na vifaa vya kudumu uvipe anwani zilizohifadhiwa kwa ajili yao.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: usiache nyumba mbili zitumie safu moja ya anwani. Nyumba zangu mbili za kwanza zote zilikuwa 192.168.1, kama zilivyotoka kiwandani. Siku nilipoziunganisha kwa VPN, njia ya faragha ya kuunganisha mitandao kupitia intaneti, niliandika anwani ya kamera ya nyumba ya pili, nikafunguliwa ukurasa wa printa yangu mwenyewe iliyokuwa mita mbili kutoka nilipokaa. Kompyuta haikukosea. Uliita 192.168.1.20, ikakupa ya karibu. Kubadilisha anwani kwenye nyumba yenye vifaa hamsini vilivyokwisha fungwa ni kazi ya wikiendi nzima, kwa hiyo fanya mapema.

Mpangilio ninaoutumia sasa ni rahisi kukumbuka hata usingizini. Namba ya kwanza huwa 10, ya pili ni namba ya nyumba, ya tatu ni kazi: 10 ni ya wenye nyumba, 20 vifaa janja, 30 kamera, 40 wageni. Hivyo 10.2.30.4 ni kamera ya nne ya nyumba ya pili. Ukipata taarifa ya hitilafu yenye anwani hiyo, huhitaji kufungua lahajedwali kujua uelekee wapi.

Kama ruta yako haiwezi kutenganisha mitandao minne, angalau itenge wageni na vifaa. Mgeni hana sababu ya kuiona kamera kwenye orodha ya simu yake.

Hatua ya tatu: hewa

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapofia, na hapa nitakaa kidogo.

Vifaa janja vingi vya Wi-Fi vinajua bendi ya gigahezi 2.4 pekee. Bendi hiyo ni kama baraza lenye msemaji mmoja kwa wakati mmoja: balbu ikiongea, wengine wote kwenye chaneli hiyo wanasubiri. Balbu haina mengi ya kusema, ndiyo, lakini ikiwa mbali na ruta inasema polepole, na upole wake unakula muda wa kila mtu. Kifaa kimoja kilichofungwa nyuma ya ukuta wa zege mwisho wa uwanja kinaweza kuwasumbua wote walio sebuleni.

Kwa uzoefu wangu, ruta ya kawaida inayokuja na huduma ya intaneti huanza kuyumba ikifika vifaa thelathini hivi kwenye bendi ya 2.4. Boksi linaweza kuwa limeandikwa mia mbili. Usibishane na boksi. Angalia tu vifaa vinavyodondoka na kurudi usiku, hapo utajua dari iko wapi.

Kuna tiba mbili na zote zinahitajika. Ya kwanza ni kuongeza vituo vya Wi-Fi vilivyounganishwa kwa waya, kila kimoja na chaneli yake. Kwenye 2.4 tumia 1, 6 na 11 tu, kwa upana wa megahezi 20, maana hizo ndizo chaneli tatu zisizokanyagana. Ukiweka 3 ukidhani umekwepa msongamano, utakuwa umezisumbua 1 na 6 kwa pamoja.

Tiba ya pili ni kupunguza wasemaji: hamisha vifaa vidogo kwenye mtandao mwingine kabisa. Rudi kwenye nyumba yetu. Balbu, swichi, plagi, vihisi na vitasa vikiwa vya Zigbee, hivyo ni vifaa 44 vilivyotoka kwenye Wi-Fi. Kamera nne zikienda kwa waya, Wi-Fi inabaki na vifaa 9 vya nyumba na 10 vya wakazi. Kumi na tisa! Ruta ileile iliyokuwa inahema kwa 67 sasa haina habari.

Zigbee nayo ina sheria zake. Inatumia bendi ileile ya 2.4, ikiwa na chaneli 16 zenye namba 11 hadi 26, na mwendo wa kilobiti 250 kwa sekunde, ambao unatosha kabisa kwa "washa" na "zima". Chaneli zake 15, 20 na 25 ndizo zinazopenya kwenye mapengo kati ya Wi-Fi 1, 6 na 11. Baadhi ya vifaa vya bei rahisi huwa dhaifu kwenye chaneli za juu, kwa hiyo mimi huanza na 20 na kuiweka Wi-Fi ya karibu na kitovu kwenye 1. Chagua siku ya kwanza. Ukibadilisha chaneli baadaye, baadhi ya vifaa havitafuata na itabidi uviunganishe upya kimoja kimoja, ukiwa juu ya ngazi.

Kwenye makaratasi mtandao wa Zigbee una anwani za maelfu kwa maelfu. Kitovu ulichonacho hakiko kwenye makaratasi. Kina orodha fupi ya vifaa kinavyoweza kuvishika moja kwa moja: kwingine ishirini na kitu, kwingine hamsini. Vinavyozidi lazima vipitie kwa jirani, na jirani anayepokezana ujumbe ni kifaa cha umeme wa ukutani. Vya betri vinalala, havimsaidii mtu. Kwa hiyo nyumba yenye vihisi 17 na vitasa 2 inahitaji plagi na swichi za kutosha zilizotawanywa, si zote sebuleni. Mimi huweka angalau kifaa kimoja cha umeme kila chumba, na kimoja kwenye korido.

Sasa jambo lililonipa somo la gharama. Balbu janja hupokezana ujumbe vizuri sana hadi mtu aizime kwa swichi ya ukutani. Mpangaji hana kosa. Amezoea kuzima taa akitoka, na mkono wake unajua swichi ilipo. Akizima ya korido, kihisi cha mlango wa nyuma kilichokuwa kinapitia balbu ile kinakuwa yatima kwa saa nzima kikitafuta njia nyingine. Ndiyo maana kwenye nyumba za kupangisha siweki balbu janja tena. Naweka swichi janja na balbu za kawaida. Swichi haizimiki, na balbu ikiungua mpangaji ananunua yoyote.

Hayo ndiyo ya Zigbee. Z-Wave ni tofauti: inatumia masafa ya chini ya gigahezi moja, haigombani na Wi-Fi, inaruhusu vifaa 232 kwa mtandao na ujumbe haupitii zaidi ya vifaa vinne vya kupokezana. Lakini masafa yake hutofautiana kwa eneo. Ulaya ni karibu megahezi 868 na Marekani karibu 908, kwa hiyo kifaa ulichotoa kwenye nyumba ya bara moja hakitasikilizana na kitovu cha bara jingine. Kama nyumba zako ziko nchi tofauti, liandike hilo kwa wino mwekundu. Thread huruhusu hadi vifaa 32 vya kupokezana kwa mtandao mmoja, na Matter, iliyotolewa mwaka 2022, imefanya iwe rahisi kifaa kimoja kutii programu za kampuni zaidi ya moja. Matter ni lugha tu, lakini. Haiongezi hewa.

Kitovu kinachokaa kwenye USB kichomekee kwenye waya wa kurefusha wa nusu mita au zaidi, mbali na diski na milango ya USB 3.0. Milango hiyo hutoa kelele kwenye bendi ya 2.4, na nimeona mtandao mzima ukipona kwa waya huo mmoja.

Na kila nyumba iwe na kitovu chake. Hata kama ziko ghorofa moja, hata kama mawimbi yanafika. Ukiziweka nyumba mbili kwenye kitovu kimoja umeziambukiza ugonjwa mmoja. Zikiwa jirani, gawanya chaneli: moja 15, nyingine 20, nyingine 25. Zikiwa mbalimbali, rudia mpango uleule kila mahali ili akili ipumzike.

Hatua ya nne: kamera zinapandisha nini

Karibu kila mtu hununua intaneti kwa kuangalia kasi ya kupakua. Kamera hazijali kupakua. Zinapandisha, na kasi ya kupandisha mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya ile iliyotangazwa.

Namba ya kukariri ni 10.8. Kila megabiti moja kwa sekunde inayotiririka mchana na usiku ni gigabaiti 10.8 kwa siku. Kamera ya 1080p iliyopangwa kwa megabiti 2 hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Nne ni 86.4. Kwa mwezi ni terabaiti 2.6 kutoka nyumba moja, na nyumba tatu karibu 8. Kama kifurushi chako kina kikomo, kitakwisha kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Rekodi ndani ya nyumba. Diski ya terabaiti 2 itabeba siku 14 za kamera zetu nne, maana 86.4 mara 14 ni terabaiti 1.2, na nafasi inabaki. Kwenye wingu pandisha matukio tu: mtu kapita, mlango umefunguliwa.

Kisha pima kasi ya kupandisha mwenyewe, saa mbili usiku, siku ya kazi, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Kipimo cha saa nne asubuhi ni cha kujifurahisha. Ikiwa unapata megabiti 10 wakati wa msongamano, usipange kamera zitumie zaidi ya 6.

Kuna upande wa pili ambao huusikii ukitajwa: kutazama. Ukifungua kamera 12 za nyumba tatu kwa pamoja, wewe ndiye unayepakua megabiti 24, na kila nyumba inakupandishia nane wakati huohuo. Weka skrini ya muhtasari itumie picha ndogo ya kila kamera, na kubwa ifunguke ukiigusa.

Na kabla hujaahidi mtu kwamba utaiona nyumba yake ukiwa popote, angalia kama ruta imepewa anwani ya umma. Ikiwa upande wake wa nje una anwani kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya intaneti imekuweka nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine, na kufungua milango kwenye ruta hakutasaidia. Tumia VPN ambayo nyumba ndiyo inayopiga simu kutoka ndani kwenda nje.

Hatua ya tano: umeme, na saa tisa usiku

Kila kifaa cha ukutani kinalamba umeme hata kikiwa kimetulia. Tukisema wati moja kwa kila kimoja, vifaa 38 ni wati 38, karibu uniti 27 kwa mwezi. Si balaa, lakini kwa nyumba tatu si bure, na mwenye nyumba atauliza.

Kinachohitaji kupangwa hasa ni umeme wa akiba. Ruta wati 10, modemu 8, kitovu 3: jumla 21. Ongeza swichi ya PoE (ya mtandao, inayolisha kamera umeme kupitia waya wa data) wati 5 na kamera nne za wati 5 kila moja, unafika 46. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye lebo, na baada ya hasara utapata kama 50. Na kamera zote utadumu saa moja. Bila kamera, zaidi ya saa mbili. Amua leo nani anabaki macho umeme ukikatika, usiiachie betri iamue. Kwenye swichi ya PoE angalia pia jumla ya wati, kwa kuwa yenye milango minane huenda isiwe na nguvu ya kulisha yote minane kwa kiwango cha juu.

Umeme ukirudi, vifaa vyote huamka kwa pamoja na kugombania ruta ambayo yenyewe bado haijaamka. Zaidi ya hapo, balbu janja nyingi zimepangwa kiwandani kuwaka umeme unaporudi. Umeme ulirudi saa tisa usiku kwenye nyumba moja ninayoitunza, chumba cha watoto kikawaka kama uwanja wa mpira. Asubuhi simu yangu ilipigwa mapema sana. Ingia kwenye mipangilio ya kila balbu na plagi, weka "rudi hali ya kabla umeme haujakatika" au "baki umezimwa". Jambo hilo lifanye siku ya kufunga, kabla hujashuka ngazi.

Hatua ya sita: betri ni dari ya miguu yako

Kila nyumba ina vifaa 19 vya betri. Nyumba tatu ni 57. Tukisema kwa wastani betri hukaa mwaka mmoja na nusu, utabadilisha 38 kwa mwaka, yaani moja kila baada ya siku kumi hivi. Kwa nyumba moja hii ni kero. Kwa nyumba tatu zilizo mbalimbali ni ajira.

Dawa yake ni kuacha kufukuzana na betri moja moja. Chagua vihisi vinavyotumia aina moja au mbili za betri. Ukikuta nyumba ina CR2032, CR2450, CR123A na AA, ujue mnunuzi alifuata ofa. Halafu badilisha zote za nyumba moja kwa safari moja, kwa tarehe, hata zikionyesha zimebaki asilimia 40. Betri ni rahisi kuliko safari.

Kitasa usikipe nafasi ya kukushangaza. Betri za AA za lithiamu hushikilia volti yake karibu hadi mwisho, kwa hiyo kitasa kinachokadiria kwa volti kitakuonyesha zimejaa leo, kesho kimya. Tumia aina ambayo mtengenezaji ameitaja, badilisha kila baada ya miezi sita, na ufunguo wa chuma uwe mahali ambapo mtu wa kuaminika anaufikia bila wewe. Vihisi vya moshi pia: viwe vinalia vyenyewe ndani ya nyumba, na ujumbe wa simu uwe nyongeza tu.

Hatua ya saba: akaunti, majina na watu

Kila nyumba iwe na anwani yake ya barua pepe na akaunti zake. Ukizichanganya kwenye akaunti yako binafsi, siku nyumba inauzwa au mwenyewe akitafuta msimamizi mwingine utajikuta unavunja mtandao mzima ili umkabidhi. Namba ya uthibitisho wa pili isiende kwenye simu ya mtu mmoja anayeweza kuwa safarini.

Majina yafuate fomula: N2-SEB-SWC-01 ni nyumba ya pili, sebule, swichi ya kwanza. Jina la kuitwa kwa sauti, "taa ya sebule", liwe kando. Nimewahi kukuta programu yenye "Taa", "Taa 2" na "Taa mpya" kwenye nyumba tatu tofauti, na fundi akazima ya nyumba isiyo yake.

Angalia pia kitasa kinahifadhi misimbo mingapi. Nyumba ya wageni wengi hujaza nafasi hizo haraka kama hufuti za walioondoka. Kamera ziwe nje na kwenye milango ya kuingilia, na mpangaji aambiwe zilipo kwa maandishi.

Kabla ya kununua chochote kwa wingi, uliza swali hili: seva za kampuni zikizimwa, taa itawaka? Kitovu cha Revolv kilizimwa mwaka 2016 kikabaki kopo. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya vifaa janja, zilizimika ghafla, watu wakaamka programu zao haziongei na nyumba. Mwenye nyumba moja huudhika siku hiyo. Mwenye nyumba tano hununua upya nyumba tano. Mimi hununua vile vinavyoendelea kufanya kazi ndani ya nyumba intaneti ikikatika, hata kama programu yake si nzuri machoni.

Hatua ya nane: chora mstari mwekundu

Sasa rudi kwenye lahajedwali, ongeza ukurasa mmoja kwa kila nyumba, orodhesha dari na kilichotumika. Nyumba yetu ingesomeka hivi:

Anwani za mtandao: 23 na ya kitovu, kati ya 254, maana vifaa 44 vya Zigbee havichukui anwani hizi.
Wi-Fi ya 2.4: 19 kati ya 30.
Zigbee: 44 kati ya 100 ambazo kitovu kinamudu.
Kupandisha: megabiti 3 kati ya 10, kamera zikirekodi ndani.
Diski: terabaiti 1.2 kati ya 2.
Umeme wa akiba: saa mbili bila kamera, lengo lilikuwa saa mbili.
Betri: 19, safari moja kila miezi sita.

Mstari mwekundu wangu ni asilimia 70. Kinachovuka hapo hakiongezwi kitu hadi dari ipandishwe. Tazama sasa: anwani ambazo kila mtu huziogopa zina nafasi tele, ilhali Wi-Fi iko asilimia 63 na umeme wa akiba umefika ukingoni. Mwenye nyumba akisema anataka kamera mbili zaidi, jibu si ndiyo wala hapana. Jibu ni betri kubwa kwanza kama anataka kamera ziendelee kuona gizani.

Kwa usimamizi wa kila siku, punguza aina. Swichi ya aina moja nyumba zote, kihisi cha aina moja, na kopo la akiba lenye kimoja cha kila kitu. Sasisho la programu dhibiti lianze kwenye nyumba unayolala wewe. Likae wiki moja, kisha liende kwingine. Ukitumia Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa janja ndani ya nyumba, kwenye kompyuta ndogo, iweke kwenye diski ya SSD badala ya kadi ya kumbukumbu, maana kumbukumbu zake huandikwa bila kupumzika na kadi huchoka. Nakala ya mipangilio ya kila nyumba ihifadhiwe kwenye nyumba nyingine.

Na ruta ya kila nyumba ichomekwe kwenye plagi inayoweza kuizima na kuiwasha yenyewe ikikosa intaneti kwa dakika kumi. Iwe inayofanya uamuzi huo ndani yake, bila kusubiri amri. Niliwahi kuweka plagi ya kawaida ya Wi-Fi kwa kazi hiyo. Ruta ikaganda, nikaituma plagi iizime, na plagi ilikuwa inasubiri Wi-Fi kutoka kwenye ruta ileile.